Embe, baiskeli na nguzo ya geti: kunyoosha bodi ya gari mwenyewe uani, Tabora

Novemba ikiingia Tabora, aliyeegesha gari chini ya mwembe hana wa kumlaumu. Embe bichi la nusu kilo likidondoka kutoka mita sita au saba huacha kwenye boneti au paa mbonyeo wa duara, upana wa kiganja, kina cha milimita mbili hadi tatu, na mara nyingi rangi inabaki nzima. Huo ndio mbonyeo rafiki kwa anayejifunza. Usukani wa baiskeli iliyobeba magunia ya mkaa ukiparaza mlango huacha mkunjo mrefu mwembamba, kama karatasi iliyokunjwa kwa ukucha. Kwa macho unaonekana mdogo, lakini kuutoa ni kazi mara tatu ya ule wa embe. Na nguzo ya geti ikikutana na bodi ya nyuma wakati wa kurudi rivasi, unapata vyote kwa pamoja: bonde pana katikati na mikunjo pembeni.

Ukiielewa tofauti hiyo, umeshaelewa nusu ya kazi. Bati la nje la gari dogo, iwe Probox, IST au Noah, lina unene wa takriban milimita 0.7 hadi 0.8. Kiwandani lilikandamizwa likapewa umbo, na umbo hilo bado linalitaka. Likigongwa, sehemu kubwa ya bonde huwa haijaharibika: imebanwa tu chini na ukingo au mkunjo unaoizunguka. Bati la katikati ni kama springi iliyokandamizwa. Bati la ukingoni ndilo lililopindwa kupita uwezo wake likakubali umbo jipya. Ukiulegeza ukingo, katikati hupanda penyewe, wakati mwingine kwa mlio mmoja tu wa "pwa!" na kazi imekwisha. Ukianza kwa kulitwanga bonde katikati kutoka nyuma, kama wengi wafanyavyo mara ya kwanza, unalitanua bati ambalo halikuwa na kosa. Sasa una matatizo mawili.

Kwa hiyo kunyoosha ni kuirudisha ajali kinyumenyume: kilichobonyea mwisho ndicho kinachotoka kwanza. Nguzo ilipogusa bodi, pale ilipogusa palizama kwanza, kisha nguvu ikasambaa nje na kukunja kingo. Wewe anza na kingo za nje kabisa, uje ndani taratibu, na pale penyewe palipogongwa pawe pa mwisho.

Upi wako, upi wa fundi

Kabla ya kushika nyundo, tafuta sumaku. Ya spika mbovu inatosha. Ifunge kwenye kitambaa laini isikwaruze, uipitishe juu ya bati lote lililoumia na zaidi kidogo. Ikishika kwa nguvu, chini pana chuma na rangi tu. Ikilegea ghafla mahali fulani, hapo pana fila ya zamani, yaani lipu ya kujazia mabonde kabla ya rangi, jambo la kawaida kwa magari yaliyokuja yametumika na yakapita mikono kadhaa. Usipige nyundo juu yake, itapasuka na kumeguka vipande. Isiposhika popote kwenye bati hilo, hiyo ni plastiki au aluminiamu. Boneti za Prius na za Subaru kadhaa ni za aluminiamu, nayo haina uvumilivu wa chuma: pinda, nyoosha, pinda tena, imepasuka. Mwachie fundi.

Mwachie pia nguzo za milango, kizingiti cha chini unachokivuka ukiingia garini, mikono ya chesisi ya mbele, na paa lililobonyea hadi kwenye mbavu zake. Hivyo ndivyo vinavyobeba watu ajali ikitokea, na havinyooshwi kwa kukisia. Mlango ukikataa kufunga sawasawa baada ya kugongwa, au uwazi kati ya boneti na madigadi ukawa finyu upande mmoja na mpana upande mwingine, ugonjwa uko nyuma zaidi ya bati unaloliona.

Mbonyeo wenye malengelenge ya kutu nao usiuhesabu kuwa mbonyeo. Pikapu zinazobeba chumvi ya Uvinza ndizo mfano wa wazi: rangi ya nje inaonekana imevimba kidogo tu, kumbe bati limeliwa kutoka ndani, na pigo la pili la nyundo linatoboa. Hapo dawa ni kukata na kuchomelea bati jipya.

Mlango wa chakavu kwanza

Usijifunzie kwenye gari unaloendea kazini. Kwa wauza vyuma chakavu tafuta mlango mbovu wenye rangi yake. Mlango ni bora kuliko boneti kwa sababu boneti ina fremu upande wa chini iliyobandikwa kwa gundi, na kufika nyuma ya bati ni shida. Ulaze juu ya matairi mawili. Funga jiwe la nusu kilo ndani ya soksi, uliangushe toka usawa wa kifua: huo mbonyeo wa embe. Kisha bonyeza kwa ncha ya bomba ukiiburuta: huo wa baiskeli. Nyoosha, bonyeza tena pengine, nyoosha. Baada ya mibonyeo kumi hivi mkono unaanza kutofautisha bati linalokubali na bati linalokataa, na hilo haliandikiki.

Vifaa ni vichache. Nyundo ya bodi ya gramu 300 hadi 400, yenye uso mpana ulioinuka katikati kidogo sana. Uso huo ung'arishwe kwa msasa namba 400, kisha 1000, kwa sababu kila kovu lililo kwenye nyundo linahamia kwenye bati. Nyundo ya misumari haifai hata kidogo: uso wake ni mdogo na kingo zake kali, kila pigo linaacha alama ya mwezi mchanga. Unahitaji pia chuma kizito cha kushika nyuma ya bati, hapa nakiita egemeo, cha kilo moja hadi moja na nusu, chenye upande mmoja bapa na mwingine wa mviringo. Kichwa cha nyundo kubwa ya mawe, kikisagwa makali yake kwa grinda na kusuguliwa kikawa laini, ni egemeo zuri sana. Watu wengine watakushauri kipande cha reli. Kina uzito mzuri, ni kweli, lakini kuwa na chuma cha reli nyumbani ni kesi, na kwa mji uliokulia kando ya Reli ya Kati hilo halina haja ya maelezo.

Ongeza nyundo ya mpira, na vipande vitatu vinne vya mninga kutoka kwa seremala, vimechongwa ncha: kimoja cha mviringo kama kidole gumba, kingine bapa kama patasi butu. Mbao ni salama kwa mwanafunzi. Zinasukuma bati bila kulitanua, na ukikosea huachi kovu.

Kifaa cha mwisho ni mwanga. Jua la saa sita mchana linaficha kila kitu. Bati lote linang'aa, huoni bonde wala kilima. Fanya kazi asubuhi au alasiri, gari likiwa kivulini, na uangalie taswira ya kitu kilichonyooka ndani ya rangi: kamba ya kuanikia nguo, ukingo wa paa la nyumba, taa ndefu ya LED. Mstari ukizama kama shanga shingoni, hapo pana bonde. Ukivimba, pana kilima. Mstari ukivunjika ghafla, hapo pana mkunjo, na ndipo pa kuanzia.

Kufika nyuma ya bati

Kwenye mlango, toa kava ya ndani. Kuna skrubu nyuma ya mpini wa kuvutia na nyuma ya kitasa, mara nyingi zimefichwa na kifuniko kidogo cha plastiki. Zilizobaki ni klipu. Kwa magari mengi ya Toyota klipu zinatoka ukichomeka ubao mwembamba pembeni ya kava na kuvuta nje kwa nguvu fupi. Bisibisi inavunja klipu na kung'oa ubao wa kava. Klipu zilizozeeka zitavunjika tu, nunua sita za akiba kabla ya kuanza. Nyuma ya kava kuna nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi. Ibandue polepole na uitunze. Pandisha kioo hadi juu, maana kikiwa chini kinaning'inia ndani ya mlango, kwenye njia ya nyundo yako. Ndani utaona bomba au ubao wa chuma uliolala kutoka upande hadi upande. Huo ni wa kulinda abiria gari likigongwa ubavuni: usiupinde wala kuukata ili kupata nafasi.

Madigadi ya mbele ni rahisi zaidi. Toa tairi, toa plastiki ya ndani iliyoshikwa na klipu na bolti za spana namba 10, na mkono wote unaingia. Paa linahitaji kushusha kitambaa cha dari, na kwenye magari yenye mifuko ya hewa ya pembeni, mifuko hiyo imekunjwa kando ya dari hiyo hiyo. Chomoa waya hasi wa betri na usubiri si chini ya sekunde 90 kabla ya kugusa chochote kilicho karibu nayo. Kwa mwanafunzi, mbonyeo wa paani uvutwe kutoka nje au uachwe.

Kusukuma, kisha kugonga

Rangi ikiwa nzima, jaribu kwanza kutoka nje kwa gundi ya vijiti, ile ya bunduki ya umeme. Futa sehemu kwa spiriti, weka gundi kwenye kizibo cha chupa chenye uso bapa au kigingi maalumu cha plastiki, bandika katikati ya mbonyeo, subiri ipoe lakini isiwe ngumu kama mawe, kisha vuta kwa mshtuko mfupi ulionyooka. Mara nyingi mbonyeo hautoki wote. Kinachobaki ni bonde dogo lenye kijukwaa pembeni, na kijukwaa hicho ukigonge taratibu kwa kijiti cha mbao chenye ncha ya mpira. Rudia mara nne, tano. Kubandua gundi, inyunyizie spiriti pembeni, itaachia. Angalizo moja kubwa: rangi ya kiwandani inavumilia kuvutwa, ila rangi iliyopigwa upya mtaani mara nyingi inang'oka na gundi. Kama sumaku ilishakuonyesha fila hapo karibu, usijaribu. Kile cha mpira cha kuzibulia sinki kinafaa kwa bonde pana lisilo na mkunjo, kama la katikati ya mlango, basi.

Mbonyeo ukikataa gundi, ingia nyuma. Weka kipande cha mninga kwenye ukingo wa nje, sukuma kwa mkono au gonga kidogo kwa nyundo ya mpira, zunguka ukingo wote kabla ya kusogea ndani. Mapigo mengi madogo, si machache makubwa. Kila mapigo kumi toka nje utazame mstari wa mwanga.

Bonde likishapanda hadi kubaki milimita moja au mbili, ndipo nyundo ya chuma na egemeo vinapoingia, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanaharibu. Kuna namna mbili. Ya kwanza, egemeo linakaa nyuma ya sehemu iliyozama likisukuma nje, na nyundo inapiga kilima kilicho pembeni yake, si juu ya egemeo. Kilima kinashuka, bonde linapanda, bati halitanuki. Ya pili, nyundo inapiga moja kwa moja juu ya egemeo, bati likiwa katikati ya vyuma viwili. Hii inasawazisha vinundu vidogo, lakini kila pigo linalikamua bati na kulifanya jembamba na pana zaidi, kama donge la chapati chini ya kifimbo cha kusukumia. Tumia ya kwanza kwa kazi nyingi, ya pili kwa mapigo machache ya mwisho, mepesi. Utajua kwa sikio: juu ya egemeo mlio ni mkali na nyundo inaruka, pembeni mlio ni mzito.

Kagua kwa kiganja, si kwa vidole. Vaa glavu nyembamba ya pamba au weka kitambaa chembamba katikati, ukipitisha mkono wote uliolala kwa kwenda na kurudi kwa urefu wa gari. Kisha chukua ubao mnyoofu wa sentimita 25 uliofungwa msasa namba 80 na usugue mara mbili tatu kwa wepesi pale ambapo rangi itaondolewa hata hivyo. Penye kung'aa ni kilima. Pasipoguswa ni bonde. Vilima vishushwe vyote, kwa sababu bonde linajazwa na fila lakini kilima hakina dawa ya kukifunika.

Ukibonyeza bati kwa kidole gumba likaingia na kurudi "tok, tok" kama kifuniko cha kopo la maziwa ya unga, umelitanua. Bati limekuwa kubwa kuliko nafasi yake, halina pa kukaa. Kuendelea kupiga kunaongeza ubaya. Mafundi hulikaza kwa kulichoma kwa gesi kidoa cha ukubwa wa sarafu hadi kiwe chekundu, wakagonga kukizunguka na kukipoza kwa kitambaa chenye maji. Ni kazi ya dakika ishirini kwa anayeijua, na ya kuunguza mpira, waya na rangi ya upande wa pili kwa asiyeijua. Peleka kwa fundi bodi kipande hicho kimoja tu, mlipe, mengine umalizie mwenyewe. Ukipaka fila juu ya bati linalotoa tok tok, itapasuka.

Bampa za plastiki zina sheria yake. Ile mbinu ya maji ya moto inayosambaa kwenye simu ni ya kweli kwa bampa na ni upuuzi kwa bati. Tazama nyuma ya bampa: maandishi PP yanaonyesha plastiki inayolainika kwa joto. Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka karibu nyuzi 96, na hizo zinatosha. Mimina lita mbili tatu polepole juu ya bonde, sukuma kwa nyuma ukiwa na glavu nene, na likikaa sawa mwagia maji baridi lishike. Rangi iliyozeeka au iliyopigwa nene inaweza kupasuka vijistari, na ukikuta vitambuzi vya maegesho vya mviringo ndani ya bampa, vitoe kwanza.

Fila ni ya milimita tatu

Fila imeharibiwa jina na watu wanaoitumia kujaza bonde zima bila kunyoosha. Yenyewe haina kosa. Kosa ni unene. Ikishasuguliwa isizidi milimita tatu. Ikiwa nene, joto la mchana na baridi ya usiku vinalitanua na kulikaza bati kwa kiwango tofauti na fila iliyo juu yake, na mtikisiko wa barabara ya vumbi unamalizia. Kipande kinaanguka kizima kama ganda la yai.

Ondoa rangi kwa msasa namba 80 hadi sentimita tano au saba nje ya mbonyeo, uache mikwaruzo, kwa sababu fila inashika kwenye mikwaruzo. Kingo za rangi zilizobaki zififishwe kwa namba 120, kisha 180, hadi kidole kisihisi ngazi. Futa kwa thina safi kwenye kitambaa cheupe, halafu kitambaa kikavu kabla thina haijakauka yenyewe. Tangu hapo usiliguse bati kwa mkono mtupu. Na usilale bati likiwa wazi: msimu wa mvua, hasa Kigoma kando ya ziwa, chuma kilichosuguliwa asubuhi kinaweza kuwa na kutu ya njano jioni.

Kipimo cha hadina, dawa ya kukausha fila, ni karibu asilimia 2 kwa uzito: gramu 2 kwa gramu 100 za fila. Kwa jicho, fila ya ukubwa wa limau kwa hadina ya ukubwa wa punje ya harage. Oktoba, joto likiwa kali, shuka hadi asilimia 1.5 na uchanganye kidogo kidogo, maana una dakika tatu tu kabla haijaanza kuganda. Julai asubuhi yenye baridi unaweza kupata tano au sita. Ukizidisha hadina ili ikauke haraka, fila inakuwa dhaifu, inajaa vitundu, na ile iliyozidi inapanda baada ya wiki kadhaa na kutia doa kwenye rangi mpya. Ukipunguza mno, inabaki nata na kuziba msasa. Changanya juu ya kigae cha sakafu au kioo, si juu ya kipande cha boksi, kwa sababu karatasi inafyonza. Kunja na kusukuma kwa kikwangulio, usipige kama mayai. Hewa unayoingiza ndiyo vitundu utakavyovifukuza kesho. Rangi iwe moja, bila mistari.

Tabaka la kwanza liwe jembamba na likandamizwe kwa nguvu liingie kwenye mikwaruzo. La pili lijaze, likipita ukingo kidogo. Baada ya dakika 20 hivi kwaruza kwa ukucha: ikiacha mstari mweupe mkavu, sugua. Namba 80 kwenye ubao mrefu, mshazari wa kwenda huku kisha huku kama herufi X, halafu 120, halafu 180. Ukisugua kwa mkono bila ubao, vidole vinachimba mifereji ambayo huioni hadi klia, ile rangi angavu ya juu kabisa, ikikauka. Unga wa mkaa uliosagwa laini sana, ukafungwa kwenye kitambaa na kupigwapigwa juu ya fila kabla ya kusugua, unakuonyesha yote: penye weusi uliobaki ni bonde. Ufute wote kabla ya kuendelea.

Na sasa lile ninaloliona vibaya kuliko yote kwenye kazi za haraka: kusugua fila kwa maji. Inakuwa laini upesi, vumbi halipo, mteja anafurahi. Lakini fila ni kama sifongo. Maji yanapita hadi kwenye bati, praima, ile rangi ya msingi, inayafungia humo, na kiangazi chote huoni kitu. Masika inapofika rangi inaota vipele. Sugua kavu, vaa barakoa na miwani, na maji yasubiri hadi hatua ya praima.

Rangi, upepo na ukungu

Praima mapigo mawili hadi matatu mepesi, dakika 10 hadi 15 katikati, kila pigo likipita nje ya lililotangulia kidogo. Ikikauka kabisa sugua kwa namba 400, kisha 600, hapa maji yanaruhusiwa, na usifike kwenye fila. Ukitoboa, rudisha praima hapo.

Namba ya rangi ya Toyota iko kwenye kibati ndani ya sehemu ya injini au kwenye nguzo ya mlango, pameandikwa C/TR. Nyeupe ya 040 na nyeusi ya 202 ni rangi tupu, na anayeanza anaweza kuzipatanisha. Fedha ya 1E7 ni ngumu, kwa sababu chembe zake zinalala tofauti kulingana na umbali na wingi wa rangi. Lazima uififishe hadi bati la jirani. Nyeupe lulu ya 070 ina tabaka la ziada la lulu kati ya nyeupe na klia, na mtaani mara nyingi inatoka na kiraka kinachoonekana ng'ambo ya barabara. Hiyo iache.

Kwa makopo ya kupulizia ya mililita 400, mlango mzima unakula mawili au matatu ya rangi na mawili ya klia. Kopo litikiswe dakika mbili nzima, umbali sentimita 20 hadi 25, mkono utembee sambamba na bati, usizunguke kama feni, kila mstari ukifunika nusu ya uliopita. Anza kubonyeza kabla ya kufika kwenye bati, achia ukishalipita. Bunduki na kompresa vinatoa kazi nzuri zaidi, ila klia ya kuchanganya na hadina ina kemikali inayoharibu mapafu kabisa na barakoa ya vumbi haiizuii. Uani, watoto wakicheza jirani, si mahali pake.

Kiangazi cha Tabora adui ni vumbi na upepo. Mwagia uani maji usiku, upulize kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Mchana wa jua kali, rangi inakauka hewani kabla ya kugusa bati na inatua kavu kama mchanga. Kigoma wakati wa mvua mambo yanageuka: asubuhi kuna umande na unyevu wa ziwa, na thina inayokauka haraka inalipoza bati hadi unyevu unatua ndani ya rangi, ikabaki na ukungu mweupe. Subiri hadi saa nne au tano, bati likauke na lipate joto kiganjani, na ununue thina inayokauka polepole hata kama ni ghali kidogo.

Rangi ikijikusanya na kuacha vitundu vya mviringo kama macho ya samaki, hapo pana mafuta au silikoni, mara nyingi ile polishi ya kung'arishia dashibodi na matairi. Nta ya nyuki nayo, ambayo Tabora haikosekani, iwekwe mbali na meza ya kazi kwa sababu hiyo hiyo. Acha ikauke, sugua, safisha kwa thina, anza tena. Kuongeza rangi juu yake hakuzibi. Baada ya klia kukauka, waksi isubiri siku 30.

Kazi ya ndani isisahaulike. Uliposukuma na kugonga, rangi ya upande wa nyuma ilipasuka, na kutu itaanzia huko. Piga brashi ya praima kila ulipofika mkono, kisha zibua vitundu vya chini ya mlango kwa waya. Vumbi la barabarani huvijaza, maji ya mvua yanatuama ndani na mlango unaoza kuanzia chini. Ile nailoni ya nyuma ya kava irudishwe na ibandikwe ukingo wote. Ikiachwa wazi, mvua ya kwanza kubwa itaingia chini ya kapeti, na utaitambua kwa harufu.